Ufalme wa Britania (1707–1800): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu muungano wa Uingereza na Uskoti

Aliyekulia kwenye mijadala ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar hushangaa akigundua kuwa nchi iliyotutawala nayo ni muungano, na kwamba huko nako kuna hati, kuna kero, na kuna wanaoapa kuwa babu zao waliuzwa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mara mada hii inapoibuka. Majibu hayalingani kwa urefu. Darien na habari za fedha nimezipa nafasi kubwa kwa makusudi, maana bila hizo mengine yote hayaeleweki.

Uingereza, Britania, Ufalme wa Muungano: si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa Kiswahili chetu kimesaidia kutuchanganya. Neno "Mwingereza" tulilipata kwa Wareno, nao walimaanisha watu wa nchi moja tu ya kusini mwa kile kisiwa. Sisi tukalibandika kwa kila atokaye huko. Mwite Mskoti "Mwingereza" uone: atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi, kama atakavyokusahihisha Mzanzibari ukimwita mtu wa bara.

Hapa "Uingereza" ni nchi ya kusini yenye London, pamoja na Welisi ambayo ilikuwa imeshamezwa kisheria tangu enzi za Henry VIII. "Uskoti" ni nchi ya kaskazini yenye Edinburgh. "Britania" ni ufalme uliozaliwa nchi hizo mbili zilipoungana tarehe 1 Mei 1707. Uliishi miaka 93 na miezi minane.

Lakini si walikuwa na mfalme mmoja tangu 1603?

Kweli, na hapo ndipo wengi huteleza. Malkia Elizabeth I alipofariki Machi 1603 hakuacha mtoto. Ndugu yake wa karibu aliyefaa kurithi alikuwa James VI, mfalme wa Uskoti, kitukuu cha Margaret Tudor aliyeolewa huko mwaka 1503. Kwa hiyo James akakalia kiti cha mwanamke aliyetia saini hati ya kumkata kichwa mama yake mzazi. Siasa za majumba ya kifalme ndivyo zilivyo.

Huo ulikuwa muungano wa mataji tu. Mfalme alikuwa mmoja, lakini mabunge mawili, sheria mbili, makanisa mawili, fedha mbili na forodha mbili. James mwenyewe alitaka zaidi. Mwaka 1604 alijitangaza mfalme wa Britania Kuu, na mwaka 1606 akaagiza bendera iliyochanganya msalaba mwekundu wa Mtakatifu George na ule mweupe wa Mtakatifu Andrea. Bunge la London likamgomea. Wabunge waliona Waskoti ni maskini wengi wanaokuja kula. Naye James aliyeahidi kurudi nyumbani mara kwa mara, katika miaka 22 alirudi mara moja tu, mwaka 1617.

Katikati hapo Oliver Cromwell aliunganisha nchi hizo kwa mtutu wa bunduki, lakini ufalme uliporudi mwaka 1660 muungano wake ukavunjwa.

Kwa nini mfalme mmoja hakutosha?

Kwa sababu mfalme wa nchi mbili huishi kwenye nchi iliyo tajiri na kusikiliza washauri wa huko. London ikipigana na Ufaransa, Uskoti ilipoteza soko la Ufaransa bila kuulizwa. Makoloni ya Uingereza yalipostawi Amerika, sheria za usafiri wa baharini zilimhesabu mfanyabiashara wa Uskoti kuwa mgeni. Gharama za kuwa ndugu walizibeba, faida hawakuziona.

Kisha likaja suala la urithi. Anne, aliyekuwa anangoja kurithi kiti, alishika mimba zisizopungua 17. Mtoto pekee aliyevuka utoto mchanga, William, alifariki mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Mwaka 1701 Bunge la Uingereza likaamua kuwa taji litakwenda kwa Sophia wa Hanover, Mjerumani na Mprotestanti. Uskoti haikuulizwa. Edinburgh ikajibu kwa sheria yake: sisi tutajichagulia mfalme wetu, na huenda asiwe huyo wenu.

London ikaona hatari. Uskoti ikimrudisha James Stuart, mwana Mkatoliki wa mfalme aliyeng'olewa, aliyekuwa akilelewa Ufaransa, adui atakuwa amepata mlango wa nyuma. Mwaka 1705 ikapitishwa Sheria ya Wageni. Kama Waskoti hawatakubali mrithi wa Hanover au kukaa mezani kuzungumzia muungano kufikia Krismasi ya mwaka huo, watahesabiwa wageni Uingereza, na ng'ombe, kitani na makaa yao hayatavuka mpaka. Baadaye sheria hiyo ilifutwa, lakini kazi yake ilikuwa imeshafanyika.

Darien ni kitu gani, na kwa nini kila anayesimulia habari hizi huanzia hapo?

Darien ni pwani ya Panama ya leo. Mwaka 1695 Bunge la Uskoti liliidhinisha kampuni ya kufanya biashara na Afrika na Bara Hindi. Mtu wa mbele kwenye mpango huo alikuwa William Paterson, Mskoti ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa miongoni mwa waasisi wa Benki Kuu ya Uingereza. Wawekezaji wa London waliitikia, kisha wakajitoa baada ya Kampuni ya East India na wabunge kuwatia presha. Waskoti wakasema: basi tutachanga wenyewe. Wakaahidi pauni 400,000. Kwa nchi ya watu wapatao milioni moja, zilikuwa fedha za kutisha. Walitoa makabaila, mawakili, madaktari, wajane na halmashauri za miji.

Wazo la Paterson halikuwa la kipuuzi. Alitaka kituo kwenye ile shingo nyembamba ya ardhi, ili bidhaa zivushwe kutoka bahari moja hadi nyingine bila meli kuzunguka Amerika ya Kusini. Mfereji wa Panama uliofunguliwa mwaka 1914 unafanya kazi hiyo hiyo. Kasoro ilikuwa kila kitu kingine. Meli tano zenye watu wapatao 1,200 ziliondoka bandari ya Leith Julai 1698. Walipofika waliiita nchi Caledonia na mji wao New Edinburgh. Homa ikawapukutisha. Hispania ilihesabu eneo hilo kuwa lake. Mfalme William III, aliyetawala kabla ya Anne na ambaye pia alikuwa mfalme wao, aliyaamuru makoloni ya Uingereza yasiwauzie hata chakula, kwa kuwa hakutaka kuiudhi Hispania. Juni 1699 waliosalia wakakimbia, na kati ya meli zile tano ni moja tu iliyorudi Uskoti. Msafara wa pili ulikuwa umeshatumwa kabla habari hazijafika. Ukakuta makaburi na vichaka, na mwaka 1700 ukasalimu amri kwa Wahispania. Paterson alimzika mkewe huko. Jumla ya waliokufa ni kama watu 2,000.

Haya yalitokea ndani ya miaka ile ile ya 1690 ambayo mavuno yalikataa mfululizo na watu wakafa njaa vijijini. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Ni kweli kuna nahodha aliyenyongwa kwa sababu ya meli iliyopotelea Bahari ya Hindi?

Kweli, na kisa hiki hakisimuliwi vya kutosha. Kampuni ile ile ya Darien ilituma meli iitwayo Speedy Return upande wetu wa dunia. Haikurudi. Mwaka 1704 meli ya Kiingereza, Worcester, ikitokea India, ilitia nanga karibu na Edinburgh. Uvumi ukaenea kuwa mabaharia wake ndio walioiteka ile ya Waskoti na kuua watu wake. Ushahidi ulikuwa maneno ya walevi na ya watu wenye hasira. Hata hivyo nahodha Thomas Green na wenzake wawili walinyongwa kwenye mchanga wa Leith Aprili 1705, umati ukishangilia. Ukweli ni kwamba Speedy Return ilitekwa na maharamia huko Madagaska, na Green hakuhusika. Viongozi walikuwa na taarifa za kutia shaka, lakini waliogopa umati.

Ninakileta kisa hiki kwa sababu kinaonyesha hali ilivyokuwa. Miaka miwili kabla ya kuungana, nchi hizi zilikuwa karibu zaidi na vita kuliko ndoa.

Nani walikaa mezani?

Wajumbe 31 kwa kila upande, na wote waliteuliwa na Malkia Anne. Ndiyo, hata wa Uskoti. Septemba 1705 Duke wa Hamilton, aliyeonekana kuwa kinara wa wapinzani, alisimama bungeni Edinburgh wenzake wengi wakiwa wameshatoka, akapendekeza Malkia ndiye achague. Hoja ikapita. Hadi leo watu wanajiuliza alilipwa nini. Kati ya wajumbe wa Uskoti mpinzani alikuwa mmoja tu, George Lockhart.

Walikutana Whitehall, London, kuanzia Aprili hadi Julai 1706. Nasema "walikutana" kwa kuwa sina neno jingine, maana pande hizo zilikaa vyumba tofauti na kupelekeana karatasi. Matokeo yake yalikuwa hati yenye vifungu 25.

Vifungu hivyo vilisema nini hasa?

Ufalme mmoja, Bunge moja Westminster, mrithi wa Hanover, bendera moja. Biashara huru ndani ya nchi na kwenye makoloni. Fedha moja: pauni ya Uskoti, ambayo 12 zake zilikuwa sawa na moja ya Uingereza, ikafutwa, na sarafu mpya zikapigwa Edinburgh chini ya uangalizi wa msimamizi wa karakana ya sarafu ya London, Isaac Newton, yule yule wa mvutano wa dunia.

Kwenye uwakilishi Uskoti ilipata wabunge 45 kati ya 558. Jimbo la Cornwall peke yake lilikuwa na 44. Wapo wanaolitetea jambo hilo kwa kusema viti vilipimwa kwa kodi na si kwa vichwa tu. Sawa, lakini Cornwall nayo haikuwa inalipa kodi ya nchi nzima. Kwenye Baraza la Malodi, makabaila wa Uskoti walichagua wenzao 16 wa kuwawakilisha.

Halafu kuna vile ambavyo Uskoti ilikataa kuvitoa: mahakama na sheria zake, haki za miji yake, na Kanisa lake la Kipresbiteri, lililolindwa kwa sheria ya pembeni. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wote. Mskoti wa kawaida wa mwaka 1710 hakuwahi kumwona mbunge, lakini alimwona mchungaji kila Jumapili, hakimu akikosa, na mwalimu wa parokia kama alibahatika. Hao wote walibaki Waskoti. Bunge lilikwenda, nchi ikabaki.

Je, ni kweli Waskoti waliuzwa?

Jibu langu: walinunuliwa wachache, na wengi wao walikuwa wameshaamua kuuza.

Kuna fedha za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni fidia ya wazi iliyoandikwa kwenye hati: pauni 398,085 na shilingi 10. Ilitolewa kwa sababu Uskoti sasa ingelipa kodi za kugharamia deni la Uingereza ambalo haikulikopa. Sehemu kubwa yake ilikwenda kwa wenye hisa wa ile kampuni ya Darien, waliorudishiwa mtaji wao pamoja na riba ya asilimia 5 kwa mwaka, kisha kampuni ikavunjwa. Fikiria mbunge aliyepoteza akiba yake Panama, sasa anapigia kura hati itakayomrudishia. Haihitaji hongo hapo. Fedha hizo zilifika Edinburgh kwa mikokoteni Agosti 1707 zikisindikizwa na askari, na nyingi zilikuwa karatasi za ahadi, si dhahabu. Wadai waliobaki na karatasi hizo walijikusanya, na mwaka 1727 kutokana nao ikazaliwa Royal Bank of Scotland.

Aina ya pili ni pauni 20,000 zilizopelekwa kimyakimya kutoka London, kwa jina la malimbikizo ya mishahara. Zaidi ya nusu alichukua Duke wa Queensberry, mwakilishi wa Malkia. Lord Banff yeye alipata pauni 11 na shilingi 2. Wengine walidai kweli, wengine hawakudai kitu. Lockhart ndiye aliyeyafichua baadaye.

Wananchi wa kawaida walisemaje?

Hakuna aliyewauliza, wakasema wenyewe barabarani. Oktoba 1706 umati wa Edinburgh uliivamia nyumba ya Sir Patrick Johnston, mmoja wa wajumbe waliotia saini. Glasgow ikalipuka mwezi uliofuata, na Dumfries wakaichoma hati hadharani. Maombi ya kupinga yalimiminika bungeni kutoka miji na parokia. Ya kuunga mkono ni shida kuyapata. Katikati ya fujo hizo alikuwepo Daniel Defoe, mwandishi, aliyetumwa kutoka London kama jasusi na mpiga propaganda.

Bungeni mambo yalikuwa tofauti. Tarehe 16 Januari 1707 hati ilipita kwa kura 110 dhidi ya chini ya 70. Siku wapinzani walipopanga kutoka nje kwa pamoja, Duke wa Hamilton, aliyetakiwa kuwaongoza, alisema jino linamuuma. Inasimuliwa kuwa Lord Seafield, mkuu wa sheria wa Uskoti, alipotia saini alisema huo ndio mwisho wa wimbo wa kale.

Baada ya hapo kulikuwa na "kero za Muungano"?

Tele. Mwaka 1708 baraza lililosimamia usalama wa Uskoti lilifutwa. Mwaka 1712 Westminster ikawarudishia mabwana wa ardhi haki ya kuteua wachungaji, jambo ambalo Waskoti waliliona ni kuvunja ahadi waziwazi. Mwaka 1713 ikaja kodi ya kimea, yaani kodi ya bia, ambayo hati ilikuwa imesema haitatozwa Uskoti wakati wa vita vilivyokuwa vikiendelea. Mwaka huo huo hoja ya kuvunja muungano ikafikishwa Baraza la Malodi, ikashindwa kwa kura nne tu. Mtoa hoja? Seafield yule yule wa wimbo wa kale.

Kodi ya kimea ilirudishwa mwaka 1725 na kuzua ghasia Glasgow. Bia ni bia.

Na wale waliotaka kumrudisha Stuart?

Waliitwa Wajakobiti, kutokana na jina James kwa Kilatini. Waliinuka mwaka 1715, wakashindwa. Waliinuka tena 1745 chini ya Charles Edward Stuart, mwana wa yule James Stuart, wakafika hadi Derby, kusini ya mbali, kisha wakarudi nyuma. Tarehe 16 Aprili 1746 walivunjwa Culloden kwa muda unaopungua saa moja. Yaliyofuata ndiyo yaliyoumiza zaidi. Watu wa milimani walinyang'anywa silaha, machifu wao wakapoteza mamlaka ya kuhukumu, na wanaume wakakatazwa kuvaa tartani, kile kitambaa cha miraba ambacho kwetu ungekidhania shuka la Kimasai. Katazo hilo lilidumu hadi 1782. Si sahihi kusema ilikuwa vita ya Waskoti na Waingereza: Waskoti wengi walikuwa upande wa serikali.

Kiuchumi, Uskoti ilifaidika?

Si mara moja. Kwa kizazi kizima viwanda vidogo viliumia kwa ushindani. Baadaye mambo yakageuka, hasa Glasgow. Tumbaku ya Virginia ilishuka huko kwa wingi, na mitaa ya katikati ya jiji hilo, kama Buchanan na Glassford, bado ina majina ya wafanyabiashara wake. Tumbaku hiyo na sukari ya Jamaika vililimwa na Waafrika waliotumikishwa. Anayesema muungano uliwafungulia Waskoti milango ya dunia amesema kweli, ila mlango mmojawapo ulikuwa huo.

Unafanana na Muungano wetu wa 1964?

Kwa namna ulivyofanywa, ndiyo kiasi: haraka, na viongozi, bila kura ya maoni, huku hofu za nje zikiwa nyuma ya pazia. Kwa umbo, hapana. Zanzibar ilibaki na serikali yake, na hati za 1964 ziliorodhesha mambo 11 tu ya muungano. Uskoti ilifanya kinyume: ilitoa serikali na Bunge, ikabaki na mahakama na kanisa. Wanaobishana hapa kwetu kuhusu serikali mbili au tatu wangeshangaa kuona kuwa Uingereza yenyewe hadi leo haina Bunge lake. Lililopo Westminster ni la wote.

Bunge la Uskoti lilirudi mwaka 1999, likiwa na madaraka ya ndani. Septemba 2014 Waskoti walipigia kura suala la kujitenga, na asilimia 55 wakachagua kubaki. Hiyo ndiyo mara ya kwanza walipoulizwa waziwazi kama wanautaka muungano, miaka 307 baadaye.

Ufalme wa Britania uliisha lini?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1801, ulipoungana na Ireland na kuwa Ufalme wa Muungano. Hapo ndipo msalaba wa Mtakatifu Patrick ulipoingia kwenye bendera. Welisi haimo kwenye bendera hiyo, kwa sababu mwaka 1606 ilihesabiwa ndani ya Uingereza.

Kuna alama yoyote ya Uskoti Afrika Mashariki?

Kanisa lile lililolindwa mwaka 1707 lilituma wamisionari Kenya, na PCEA ya leo, yaani Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, ni tunda lake. Nenda Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, uulize njia ya kwenda Thogoto. Jina hilo ni "Scot" kama Wakikuyu walivyolitamka.

Taji la Uskoti lilipelekwa London?

Hapana. Taji, fimbo na upanga vilifungiwa sandukuni ndani ya ngome ya Edinburgh mwaka 1707, na chumba kikazibwa. Miaka ikapita hadi watu wakaanza kusema Waingereza wameviiba. Februari 1818 mwandishi Walter Scott alipata kibali cha kufungua chumba. Sanduku lilikuwepo, limefungwa na halina ufunguo, ikabidi livunjwe. Vyote vilikuwa ndani, vimefunikwa kwa kitani, na leo vimewekwa kwenye ngome hiyo hiyo kwa yeyote anayetaka kuvitazama.